KUPANDA KILIMANJARO: SIKU MOJA YA ZIADA NI BORA KULIKO BUTI LA BEI MBAYA

Wadau, kila inapokaribia Desemba 9 makundi ya kupanda Mlima Kilimanjaro yanaanza kuchipuka maofisini, vyuoni na kwenye magrupu ya simu. Ni jambo zuri. Kwa miaka mingi Wabongo wengi tumeujua mlima huu kwenye lebo ya bia na chupa ya maji, huku wageni wakitoka mabara mengine kuja kuupanda.

Tatizo ni maswali tunayouliza. Buti gani? Jaketi naazima wapi? Kampuni gani ina bei poa? Swali linaloamua kama utafika, na kama utarudi kwa miguu yako au kwa machela, huwa halipo kwenye orodha: TUTAKAA MLIMANI SIKU NGAPI?

Makala hii ni ndefu, itunze au ichapishe usome taratibu. Ni kwa anayepanda mara ya kwanza, na pia kwa mzazi au mwajiri anayetaka kujua watu wake wanakwenda kufanya nini kule juu.

KWANZA TUUJUE MLIMA WENYEWE

Kilimanjaro una vilele vitatu: Kibo, Mawenzi na Shira. Uhuru, sehemu ya juu kabisa, iko Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Mawenzi una mita 5,149, lakini ni miamba mitupu inayomeguka, si mahali pa mtalii wa kawaida.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller ndio wanaotajwa kufika kileleni kwa mara ya kwanza, Oktoba 6, 1889. Watu husahau kwamba Meyer huyo huyo alijaribu mwaka 1887 akashindwa, akageuza. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika huru na Mwenge pale juu, na ndiyo maana siku hiyo ina mvuto wake hadi leo.

Mlima ni hifadhi ya taifa tangu 1973, chini ya TANAPA. Huruhusiwi kupanda bila muongozaji mwenye leseni, kwa hiyo wale wanaosema "sisi ni vijana wa Moshi tutajipandia wenyewe", poleni. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa ada ndogo sana ukilinganisha na wageni, lakini uwe na kitambulisho. Usikiache nyumbani ukaishia kubishana getini.

HEWA NDIYO INAYOUMIZA WATU

Wengi wanadhani kule juu oksijeni imeisha. Si kweli. Asilimia ya oksijeni hewani ni ile ile ya Kariakoo, karibu 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inabeba oksijeni kidogo zaidi. Ukifika Uhuru, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya ile unayoipata ukiwa Dar.

Mwili unaweza kuzoea hali hiyo. Unaanza kupumua haraka na kwa kina, moyo unaongeza kasi, figo zinarekebisha hali ya damu, na baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Lakini kazi hiyo inachukua siku, haifanyiki kwa saa chache. Huwezi kuiharakisha kwa ujasiri, kwa maombi wala kwa kufunga buti vizuri.

Na hapa ndipo watu wenye mazoezi wanapojidanganya. Kukimbia kilometa 20 kunakupa miguu na pumzi, hakukupi kinga ya ugonjwa wa milimani. Chukueni mfano wa Martina Navratilova, bingwa wa tenisi mwenye mataji 18 ya mchezaji mmoja mmoja katika mashindano makubwa ya Grand Slam. Desemba 2010 alikuja kupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha, mapafu yakajaa maji akiwa njiani, wakamshusha akapelekwa hospitali Nairobi. Kama bingwa wa aina ile mlima ulimgeuza, mimi na wewe tunaotembea kutoka kituo cha daladala hadi ofisini tukae kwa adabu.

Kuna mdau atasema, mbona Mtanzania Simon Mtuy mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa muda wa saa 9 na dakika kadhaa? Ni kweli. Lakini Mtuy ni mtu wa mlima, mwili wake ulishauzoea kwa miaka kabla ya siku ile. Usiige matokeo ya mtu bila kuiga maandalizi yake.

HESABU YA SIKU, NA NJIA ZA KUPANDA

Madaktari wa milima wana kanuni rahisi: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja bila kupandisha kambi. Mchana unaweza kupanda juu zaidi kisha ukashuka kulala. Wazoefu wanasema panda juu, lala chini.

Sasa tuziangalie njia zetu kwa jicho hilo.

MARANGU. Ndiyo njia pekee ya kulala kwenye vibanda badala ya mahema. Mandara iko kama mita 2,700, Horombo 3,720, Kibo zaidi ya 4,700. Ukipiga hesabu unaona kila siku unaongeza mita 1,000, yaani mara mbili ya kanuni. Anayechukua siku 5 anatoka getini, na baada ya siku tatu tu anaambiwa aamke usiku aende Uhuru. Watu wanaiita njia rahisi kwa sababu mteremko wake ni wa taratibu na kuna vitanda. Kwa miguu ni rahisi kweli, ila kwa mapafu na ubongo hiyo ya siku 5 ni ngumu sana. Chukua siku 6. Ile ya ziada unalala tena Horombo, mchana unatembea hadi kwenye mawe yenye mistari, wenyewe wanayaita Zebra Rocks, kisha unarudi.

MACHAME. Ni ya mahema na ina milima na mabonde mengi zaidi. Uzuri wake ni kwamba unapita Lava Tower, kama mita 4,600, halafu unashuka kulala Barranco karibu mita 3,950. Mwili unapata somo bila kulala juu. Ipo ya siku 6 na ya siku 7. Tofauti yao ni usiku mmoja kambi ya Karanga kabla ya Barafu, na usiku huo una thamani kubwa.

LEMOSHO. Inaanzia magharibi, siku 7 au 8. Ni ndefu na ghali zaidi, lakini inaupa mwili muda. Ipo pia inayozunguka upande wa kaskazini, siku 8 au 9, nzuri kuliko zote kwa kuzoea.

RONGAI. Inaanzia upande wa mpaka wa Kenya, hupata mvua kidogo kuliko upande wa kusini. Chukua siku 7 badala ya 6. Unateremkia Marangu.

UMBWE. Fupi, imesimama kama ngazi. Kama ni mara yako ya kwanza, iache.

Kwa nini basi siku 5 zinauzwa sana? Kwa sababu ada ya hifadhi inalipwa kwa siku, na msafara unalishwa kwa siku. Njia ya haraka ya kushusha bei ni kukata siku. Ukiona kampuni imeshusha bei sana, uliza wamekata wapi: ama kwenye siku zako, ama kwenye chakula na mshahara wa wapagazi. Na kama mfuko haukuruhusu vyote, azima jaketi, vaa buti la mtumba, lakini ile siku ya ziada ilipie.

DALILI ZA KUUMWA, NA LINI UGEUZE

Kila mtu kwenye kundi azijue hizi, si kiongozi peke yake.

Ugonjwa wa kawaida wa milimani: kichwa kinauma, pamoja na kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu. Unafanana sana na mning'inio wa pombe. Ukiwa hivyo, USIPANDE ZAIDI. Pumzika hapo hapo, kunywa maji, tumia dawa ya maumivu. Ikiisha, endelea. Isipoisha au ikizidi, shuka.

Ubongo kuvimba: mtu anaanza kupepesuka kama mlevi, anaongea mambo yasiyoeleweka, anakuwa mkali au mzito, anataka kulala tu. Mpimeni hivi: achoreewe mstari chini, atembee juu yake akigusisha kisigino cha mguu mmoja kwenye vidole vya mwingine. Akishindwa, ni hatari ya kufa. Ashuke sasa hivi, hata kama ni saa 8 usiku.

Mapafu kujaa maji: anahema hata akiwa amekaa, kikohozi hakikomi, kifua kinatoa sauti kama ya maji, midomo inageuka rangi ya bluu, wakati mwingine makohozi yana povu la pinki. Huyu naye ashuke sasa hivi, na asitembee peke yake wala asibebe chochote.

Kwa hali hizi mbili tiba ya kweli ni moja: KUSHUKA. Mtungi wa oksijeni na sindano vinasaidia wakati mnashuka, havichukui nafasi ya kushuka. Watu hawafi kwa sababu walikosa dawa tu. Wengi wanakufa kwa sababu walificha dalili: waliona aibu, walishachangiwa na ofisi, walikuwa wameahidi picha. Jamani, hakuna picha ya namna hiyo.

Kwa hiyo wekeni sheria ya kundi kabla ya kuondoka: maumivu ya kichwa ni ugonjwa wa mlima mpaka ithibitike vinginevyo, na kauli ya muongozaji ya kugeuza haina rufaa.

DAWA NA AFYA

Kuna dawa inaitwa Diamox, jina la kitaalamu acetazolamide, ambayo husaidia mwili kuzoea mapema. Inapunguza uwezekano wa kuumwa, haiondoi. Inakojoza sana na kuleta ganzi vidoleni. Isinunuliwe kwa kuambiwa na rafiki, maana wenye mzio wa dawa za salfa wanaweza kudhurika. Muone daktari.

Muone daktari pia kama una shinikizo la damu, matatizo ya moyo, pumu, kisukari, upungufu wa damu au ujauzito. Na hili kwetu ni muhimu sana: SELIMUNDU. Mwenye ugonjwa huo yuko kwenye hatari kubwa panapokuwa na oksijeni kidogo, na hata aliyebeba kinasaba tu bila kuumwa anaweza kupata madhara ya bandama huko juu. Kama kwenu kuna selimundu, pima kwanza.

Pombe na dawa za usingizi ziacheni chini. Zinapunguza kasi ya kupumua ukiwa umelala, na usiku ndipo oksijeni ya damu inaposhuka zaidi. Konyagi haileti joto, inafungua mishipa ya ngozi tu joto likatoka.

MAZOEZI NA MILIMA YA KUANZIA

Anza miezi mitatu kabla. Tembea na mkoba wa kilo 6 au 7 kwenye vilima na ngazi, mara tatu kwa wiki, na wikiendi moja moja nenda saa 5 hadi 6 mfululizo. Wa Morogoro mna Uluguru, wa Tanga na Lushoto mna Usambara. Magoti yazoeze kushuka, maana siku ya mwisho ndiyo inayoyamaliza.

Shule nzuri kuliko zote ni Mlima Meru, mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Unalala Miriakamba, kama mita 2,500, kisha Saddle, kama 3,570. Mnapewa askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Aliyepanda Meru wiki moja kabla ya Kilimanjaro anakuwa amekwisha kuanza kuuzoesha mwili.

Wadau wa Kenya mna Point Lenana, mita 4,985, inayofikika kwa miguu bila kamba. Tahadhari yenu ni gari: kutoka Nairobi mtu anaweza kuwa juu ya mita 3,000 siku hiyo hiyo. Lala kwanza, usiunganishe.

NGUO NA VIFAA

Chini ya mlima ni msitu wenye joto na mvua, juu usiku baridi inaweza kushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 10 hadi 20, na upepo juu yake. Siri ni kuvaa kwa tabaka, kuvua na kuongeza.

- Ngozini: nguo za ndani za kukausha jasho, juu na chini. PAMBA MARUFUKU. Fulana ya pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto.
- Katikati: sweta zito la sufu au lile la kitambaa cha manyoya manyoya.
- Nje: jaketi nene la kujaa manyoya au sponji kwa usiku wa kilele, pamoja na koti na suruali ya kuzuia mvua na upepo.
- Mikono na kichwa: glovu nyepesi ndani, nzito nje, mzula unaofunika masikio na shingo.
- Miguu: buti zinazopita kifundo, zilizokwisha kuvaliwa wiki kadhaa. Buti jipya siku ya kwanza ni malengelenge ya siku ya pili. Kata kucha za miguu kabla ya kwenda, la sivyo wakati wa kushuka zitang'oka.
- Begi la kulalia la baridi kali, mkeka wa sponji, tochi ya kichwani na betri za akiba, miwani ya jua, losheni ya jua, mafuta ya midomo, fimbo mbili za kutembelea.

Weusi wa ngozi usikudanganye kuhusu jua. Mionzi kule ni mikali, na macho yasiyo na miwani yanaweza kuungua yakakupofusha kwa siku kadhaa.

Vingi vya hivi vinapatikana kwa kukodi Moshi na Arusha, na kwenye mitumba utaokota jaketi la maana. Kagua zipu kabla hujalipa, zipu iliyokufa mita 5,000 hakuna fundi.

Msimu: Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi mikavu. Machi hadi Mei ni masika. Novemba na Desemba vuli huweza kuwa bado ipo, kwa hiyo nyie wa Desemba 9 koti la mvua si hiari.

MAISHA YA KAMBINI

Ukifika kambi, badilisha nguo za jasho kabla hujapoa. Nguo kavu za kulalia zisiguse mvua wala jasho hata siku moja, zifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, iingize kwenye begi la kulalia. Usiku inakupa joto, asubuhi unakunywa. Simu na betri nazo lala nazo, baridi inazimaliza chaji.

USIINGIZE JIKO NDANI YA HEMA, la mkaa, la gesi wala la mafuta ya taa. Hema lililofungwa linajaa hewa ya sumu isiyo na harufu, mnalala hamwamki. Sheria hii ni ya mlimani, ufukweni na hata kwenye mahema ya shughuli kijijini.

Moto wa kuni ni marufuku. Oktoba 2020 moto uliteketeza maelfu ya hekta za uoto wa Kilimanjaro kwenye eneo la vichaka kati ya Mandara na Horombo na kuendelea. Mimea ile inakua polepole sana. Kisiki cha kiberiti au sigara kinatosha kuanzisha balaa.

Taka zote zirudi chini, pamoja na karatasi za chooni ulizotumia porini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, njoo na ya kitambaa. Chakula kifunike, wale kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe ni wezi waliobobea.

KULA NA KUNYWA

Kunywa lita 3 hadi 4 kwa siku, kidogo kidogo. Mkojo mweupe ni dalili nzuri, wa rangi ya chai kavu ni onyo. Maji ya mito yachemshwe au yatiwe dawa.

Hamu ya kula inapungua juu, hiyo ni kawaida, lakini jilazimishe. Uji, supu, viazi, wali, chapati na chai ya tangawizi yenye sukari vinashuka vizuri kuliko nyama nzito. Weka karanga, kashata na pipi mfukoni kwa usiku wa kilele, kwa sababu mkobani hutazifikia.

MIAMBA NA KAMBA

Kwenye njia za kawaida hakuna kamba. Pale Barranco kuna ukuta unaotisha kwa macho, lakini unapandwa kwa mikono na miguu. Kanuni ni moja: kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika, kimoja tu kitembee. Fimbo zifunge mgongoni, na mpagazi akitaka kupita mpishe upande wa ndani, wewe egemea mwamba.

Western Breach ni habari nyingine. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa kwa muda kisha ikafunguliwa. Anayepita pale avae helmeti na apite alfajiri, jua halijayeyusha barafu inayoshikilia mawe. Kwa anayeanza, hakuna sababu ya kwenda.

Anayetaka kukwea miamba kwa kamba hasa, ajifunze kwenye mwamba mdogo akiwa na mwalimu. Nairobi, Mountain Club of Kenya wamekuwa wakikwea Lukenya kwa miaka mingi. Mambo ya msingi: kamba iwe ya kukwea, si ya kufungia mizigo ya lori, kila anayepanda na anayemshikia kamba wakaguane mafundo na mikanda kabla ya kunyanyua mguu, kamba iliyokatika uzi au iliyopata mshtuko mkubwa itupwe. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, vilele vikuu vya Mlima Kenya, ni vya watu wa kamba tu. Usifikiri kwa sababu ulifika Uhuru basi Batian ni mteremko, ingawa ni mfupi kuliko Kibo.

USIKU WA KILELE

Mnaamshwa kabla ya saa 6 usiku, chai na biskuti, mnaanza. Kutoka Barafu au Kibo hadi Uhuru ni saa 6 hadi 8 za kujikongoja. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea unakimbia, punguza.

Chupa ya maji igeuze kichwa chini, barafu huanzia juu. Ukisimama kupumzika usizidi dakika chache, baridi inaingia na usingizi unakubembeleza. Kundi likubaliane mapema saa ya kugeuza. Ikifika, mlipo ndipo mwisho wenu. Gilman's Point, karibu mita 5,685, tayari ni kwenye ukingo wa kreta, na anayeishia pale hupewa cheti chake.

Kumbuka kileleni ni nusu ya safari. Wengi wanatumia nguvu zote kufika, halafu miguu inakataa wakati wa kushuka. Piga picha, kaa dakika 15, teremka.

WAGUMU, WATU WANAOUBEBA MLIMA

Wapagazi wa Kilimanjaro wanajiita wagumu, na kweli ni wagumu, lakini si chuma. Nao wanaumwa na mlima, na wapo waliokufa kwa baridi wakiwa na viatu vya raba na koti la mvua la nailoni. Mzigo wa msafara anaobebeshwa mpagazi mmoja una kikomo cha kilo 20, na mizani ipo getini. Usimwongezee cha kwako kwa mlango wa nyuma.

Tuseme ukweli, kuna wazawa wenzetu wanaowatuma wagumu kama watumwa kuliko hata wageni. Waulize wamekula? Wana hema la kulala? Wakipata homa wanashushwa na mtu au wanaambiwa wajishushe? Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project umekuwa ukifuatilia mambo haya kwa miaka, na una orodha ya kampuni zinazowatendea haki. Ichunguze kabla ya kulipa. Bahasha ya asante mpe mgumu mwenyewe mkononi, mbele ya wenzake.

KABLA HUJALIPA, ULIZA HAYA

1. Siku ngapi, na tunalala mita ngapi kila usiku?
2. Muongozaji ana leseni na mafunzo ya huduma ya kwanza? Waongozaji wangapi kwa kundi letu, ili mmoja akishusha mgonjwa wengine wasibaki yatima?
3. Mna mtungi wa oksijeni na kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni? Mnapima kila jioni?
4. Mtu akizidiwa anashushwa vipi, na nani analipa? Bima inafika mita 6,000?
5. Wapagazi wanalipwa kiasi gani, wanakula mara ngapi?

Kampuni isiyojibu hayo kwa upole, shukuru, ondoka.

Simu sasa inasaidia kuita msaada, maana tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imefikishwa mlimani. Lakini mtandao haushushi mgonjwa, wanaomshusha ni watu, kwa mabega yao na machela ya tairi moja, usiku, kwenye mawe. Usiwape kazi hiyo kwa sababu tu ulitaka kuokoa hela ya siku moja.

Mlima upo tangu enzi, mwakani utakuwepo. Kichwa kikigonga, geuka, utarudi tena ukiwa hai. Mdau aliyepanda mwaka huu, mgumu, muongozaji au daktari mwenye nyongeza au masahihisho, mwaga hapo chini kwenye maoni ili wanaojiandaa wafaidike. Safari njema, na twende POLE POLE.